Tongba: Ulezi, Chachu na Subira

Ukiagiza tongba katika mji wowote wa vilima vya mashariki ya Nepal, utaletewa kwanza chombo kisicho na kinywaji. Ni kopo refu la mwanzi au la mti lililovishwa pete za shaba, lina kifuniko chenye tundu, na tunduni umesimama mrija. Ukifunua utakuta punje za ulezi zimejaa karibu na ukingo, rangi yake kahawia iliyokolea, zina unyevunyevu lakini hakuna tone la kunywa. Pembeni huwekwa chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Mwenyeji humimina maji hayo polepole mpaka yazifunike punje, hurudisha kifuniko, kisha huenda zake jikoni. Mgeni asiyejua hushika mrija papo hapo, akavuta maji matupu yenye harufu ya nafaka. Anayejua huendelea na mazungumzo. Zikipita dakika tano, au kumi, maji yamekwisha kupenya kwenye punje na kutoka na kilichokuwamo. Kinachopanda mrijani sasa ni kinywaji cheupe chenye utamu mdogo, uchachu mwepesi na kilevi kinachojitambulisha baadaye.

Hiki ni kinywaji cha Walimbu, watu wa Taplejung, Panchthar, Tehrathum, Ilam na wilaya jirani, upande ule ambao mlima Kanchenjunga, wenye mita 8,586, huonekana asubuhi mawingu yakiwa yamekaa mbali. Majirani zao Warai nao hukitengeneza, na siku hizi kinauzwa hata Kathmandu. Mji mdogo wa Hile, katika wilaya ya Dhankuta, umejipatia jina kwa ajili yake miongoni mwa wanaopanda milimani. Wageni wengi huijua Nepal kwa wali na dengu, mlo wa kila siku wa nchi nzima, na kwa momo, vile vifuko vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke. Vyakula hivyo ni vizuri na havihitaji mtetezi. Tongba inamhitaji, kwa sababu ufundi wake umejificha. Anayeitazama mezani huona ulezi na maji ya moto, akadhani ameona yote. Kumbe kazi yenyewe ilifanyika wiki au miezi iliyopita, na waliofanya kazi hiyo ni watu watatu wanne ambao hawapo mezani.

Tuanzie shambani. Ulezi, ambao Wakenya wengi huuita wimbi, ni nafaka ya kwetu. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, kisha ukavuka hadi Bara Hindi na kupanda taratibu mpaka kwenye miteremko ya Himalaya. Huko umekaa muda mrefu kiasi cha kuwa na mbegu zake za kienyeji, misimu yake na desturi zake. Leo ni nafaka ya nne kwa umuhimu nchini Nepal, baada ya mpunga, mahindi na ngano.

Kilimo chake kinataka mgongo imara. Katika vilima vya kati miche huoteshwa kitaluni, kisha mvua za Julai na Agosti zikishika kasi hung'olewa na kupandikizwa kwa mkono katikati ya mahindi yaliyokwisha simama. Mahindi yakivunwa, ulezi hubaki peke yake ukifaidi jua, hadi Novemba au Desemba masuke yanapokatwa kwa mundu. Mashamba yenyewe ni ngazi zilizochongwa ubavuni mwa mlima, nyingine nyembamba kiasi kwamba ng'ombe wawili wa kulimia hugeuka kwa shida. Trekta halina pa kupita.

Punje ya ulezi ni ndogo mno hata wadudu wa ghalani hawapati riziki ndani yake, ndiyo maana huhifadhika miaka mingi. Ina takriban miligramu 344 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiasi ambacho mchele haukaribii. Lakini mtengenezaji wa tongba huutazama kwa jicho jingine. Anachokithamini ni ganda. Ulezi mzima ukichemshwa haugeuki uji. Kila punje hubaki peke yake, imelainika ndani na kushikamana nje. Ndiyo sababu unaweza kumiminiwa maji ya moto mara nne au tano bila kuwa tope. Mchele usingevumilia hata mara mbili.

Jikoni kazi huanza kwa ungo. Ulezi hupepetwa vumbi na makapi, vijiwe huchaguliwa, kisha huoshwa maji kadhaa. Hupikwa mpaka punje zianze kufunguka kidogo, humwagwa maji, na kutandazwa juu ya jamvi la mianzi upoe. Hapo mwanagenzi hukosea kwa mara ya kwanza. Chachu ikinyunyizwa juu ya ulezi ulio moto hufa. Ikicheleweshwa mpaka nafaka ikapoa kabisa katika usiku wa baridi, huzubaa, na vijidudu visivyoalikwa huwahi. Kipimajoto hakipo. Mama huingiza mkono katikati ya lundo na kuuacha humo kidogo; asipohisi tena kwamba kuna moto wala baridi, wakati umefika.

Chachu hiyo huitwa murcha. Kwa macho ni kidonge bapa cheupe, kikavu, chepesi mkononi, nacho huuzwa kwenye magulio ya kila wiki, vidonge vimepangwa mbele ya muuzaji kwa makumi. Kukitengeneza ni kazi ya wanawake, hasa wa Kirai na Kilimbu, na binti hujifunza kwa mama yake. Mchele hulowekwa, hutwangwa kinuni pamoja na tangawizi, pilipili kali, na mizizi na majani ya porini ambayo kila mtengenezaji ana mchanganyo wake. Kisha huongezwa unga wa murcha ya zamani, kwa kuwa murcha mpya haizaliwi bila ya zamani: kidonge kinachouzwa gulioni leo kina damu ya vidonge vya miaka mingi nyuma. Hukandwa kwa maji machache, hufinyangwa, hupangwa juu ya majani ya kangaga, hunyunyiziwa unga wa murcha kwa juu, kisha hufunikwa kangaga tena na magunia. Baada ya siku moja hadi tatu, kutegemea hali ya hewa, vidonge huvimba na kutoa harufu ya kilevi. Hapo huanikwa juani mpaka vikauke. Vikitunzwa pakavu, hudumu mwaka na zaidi.

Kilichojulikana kwa pua kimethibitishwa maabara. Jyoti Prakash Tamang, mtaalamu wa vijiumbe wa Chuo Kikuu cha Sikkim, ambaye ametumia maisha yake ya kitaaluma kuchunguza vyakula vilivyochachushwa vya Himalaya, ameonyesha kwamba ndani ya murcha huishi pamoja makundi matatu: kuvu wenye nyuzinyuzi, hamira, na bakteria wa aina ileile inayogandisha mtindi. Kuvu huvunja wanga wa nafaka na kuufanya sukari. Hamira huigeuza sukari kuwa kilevi. Bakteria huleta uchachu na kuwafungia mlango wavamizi. Hakuna kundi linaloweza kuimaliza kazi peke yake. Mwanamke anayekanda murcha hajawahi kuwaona viumbe hao, lakini amewafuga, amewalisha na kuwarithisha kizazi kwa kizazi bila kuwapoteza.

Hapa ndipo sisi na wao tulipoachana njia, na kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari ya tongba. Nafaka ni moja na tatizo ni moja: hamira haili wanga, sharti wanga ugeuzwe sukari kwanza. Afrika Mashariki ililitatua tatizo hilo kwa kimea. Mchaga anayetengeneza mbege huotesha ulezi, huukausha, huusaga, kisha huutia kwenye maji ya ndizi zilizopikwa. Busaa ya magharibi ya Kenya na ajon ya Wateso nazo hutegemea ulezi ulioota. Kote huko punje inayochipua ndiyo inayotoa vimeng'enya vya kuvunja wanga wake yenyewe; mtengenezaji huiamsha mbegu, kisha huikatiza safari yake kabla haijawa mmea.

Mlimbu haamshi kitu. Huiua mbegu kwa kuichemsha, kisha huwakabidhi kuvu wa murcha kazi ambayo chipukizi lingeifanya. Njia hiyo haikuanzia wala kuishia kwake. Ukitoka Himalaya ukaenda mashariki mpaka Uchina, Korea na Japani, utakuta pombe za nafaka zinazotegemea kuvu. Ukielekea Ulaya na Afrika utakuta kimea. Ulezi ulisafiri kutoka upande mmoja wa mpaka huo hadi wa pili, ukakuta watu wenye elimu nyingine, nao wakaupika kwa kanuni zao. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Kimea kinataka kujua mbegu, murcha inataka kujua kuvu, na zote mbili ni elimu zilizokamilika karne nyingi kabla ya hadubini.

Turudi jikoni. Unga wa murcha huchanganywa na ulezi kwa mikono miwili, kutoka chini kuja juu, mpaka weupe wake upotee machoni. Kiasi chake ni kidogo ajabu: vidonge vichache hutosha nafaka ya ndoo nzima. Kisha ulezi huwekwa kwenye kikapu cha mianzi kilichotandikwa majani, ukafunikwa majani na gunia. Kikapu kina maana yake. Kuvu wanataka hewa, na kikapu kinapumua. Baada ya siku moja wakati wa joto, au mbili wakati wa baridi, nafaka hujipasha moto yenyewe na kutoa harufu tamu yenye ncha ya kilevi.

Hapo huhamishwa. Sasa huingia chunguni, hushindiliwa, na mdomo wa chungu huzibwa hewa isipite, kwa sababu hatua ya pili inataka kinyume cha ya kwanza. Hamira hutengeneza kilevi pasipo na hewa; chungu kikivuja, mali yote hugeuka siki. Siku tatu au nne za majira ya joto, tano hadi saba za majira ya baridi, na jand iko tayari, yaani ulezi uliochachuka ambao ndio hujazwa kwenye kopo la tongba. Wengine huufunua hapo hapo. Wenye subira huuacha kwa wiki, hata miezi, ukali wake upungue na ladha ipate kina.

Ukiniuliza ufundi wa tongba uko wapi hasa, nitakuonyesha saa ile ya kuhama kutoka kikapuni kwenda chunguni. Anayehamisha mapema huwa hajakusanya sukari ya kutosha, na kinywaji chake huwa maji. Anayechelewa hukuta uchachu umetangulia, na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Kati ya makosa hayo mawili kuna muda mfupi ambao haufanani wiki hii na wiki ijayo, kwa kuwa mvua, baridi, umri wa murcha na hata mahali kikapu kilipowekwa jikoni vyote huusogeza. Mama hufunua gunia, hunusa, huokota punje mbili tatu, huzitafuna, hufunika. Anaweza kufanya hivyo mara kadhaa kwa siku bila kusema neno. Ukimwuliza atakwambia bado, au atakwambia tayari, na hatakosea.

Chombo nacho kina fundi wake. Mwanzi mnene hukatwa chini kidogo ya fundo, ili fundo lenyewe liwe kitako kisichovuja. Lakini kitu cha kukitazama kwa karibu zaidi ni mrija, ambao Walimbu huuita pipsing. Huchongwa kwa mwanzi mwembamba. Ncha ya chini haikuachwa wazi: fundi amekata mahali ambapo fundo limebaki, likaziba. Juu tu ya fundo hilo, ubavuni, ametoboa mianya midogo. Kinywaji huingia ubavuni, na punje hubaki nje. Sasa fikiria kipimo. Ulezi una kipenyo cha milimita moja hadi mbili. Mwanya ukizidi hapo, mnywaji atatafuna anachokunywa. Ukiwa mwembamba mno, utazibwa na unga laini unaojitenga na punje. Fundi hukadiria kwa jicho na ncha ya kisu, na mrija uliotengenezwa vizuri hauzibi jioni nzima. Mikahawa mingi ya mijini imehamia kwenye makopo ya alumini na mirija ya chuma. Huoshwa kwa urahisi na hayapasuki, hilo ni kweli. Ila chuma hupokea moto wa maji na kuupeleka moja kwa moja mdomoni, jambo ambalo mwanzi haulifanyi.

Fundi wa mwisho ni wewe mnywaji. Usikoroge, ukikoroga utaamsha unga, mrija utaziba na kinywaji kitakuwa kizito. Usivute kwa pupa. Ukimaliza maji yote kwa pumzi moja, punje za juu hukauka na mvuto unaofuata hukosa ladha. Vuta kidogo, zungumza, vuta tena. Maji yakipungua, mwenyeji huongeza, na maji ya pili kwa kawaida ndiyo yenye nguvu na ladha iliyokamilika, kwa kuwa punje zimekwisha kulowa na kufunguka. Ya tatu hupungua ukali na kuacha utamu. Ya nne na ya tano ni ya kuagana. Ladha ikiisha, machicha hupelekwa kwa nguruwe na ng'ombe, nao hawayakatai. Onyo moja: tongba ni ya moto na ni laini kooni, kwa hiyo haimtishi mtu akiwa ameketi. Nguvu yake huonekana mnywaji anaposimama.

Mtu wa Soroti au Busia akiketi mbele ya tongba hatahitaji kufundishwa mengi. Wateso nao humimina maji ya moto juu ya ulezi uliochachuka na kunywa kwa mirija. Tofauti ni kwamba ajon hukaa katika chungu kimoja, wanywaji wakakizunguka na mirija mirefu, ilhali huku kila mtu hupewa chombo chake. Hilo linakwenda na desturi ya Nepal nzima: kilichoguswa na mdomo wa mtu hakipewi mwingine, iwe chakula au kinywaji. Msafiri akumbuke hivyo kabla ya kumwonjesha jirani kutoka sahani yake, na akumbuke pia kula na kupokea kwa mkono wa kulia, jambo ambalo watu wa pwani yetu hawahitaji kukumbushwa.

Kwa Walimbu tongba humkaribisha mgeni, hukaa kwenye mazungumzo ya ndoa, na jand hutumika katika matambiko. Imewahi pia kuwa alama ya daraja la mtu. Sheria kuu ya mwaka 1854, Muluki Ain, iliyotolewa enzi za Jung Bahadur Rana, iliwapanga watu wa Nepal kwa ngazi: juu walikaa wavaao uzi mtakatifu, na chini yao wakafuata walioainishwa kuwa wanywaji wa pombe. Ngazi hizo ziliondolewa kwenye sheria mwaka 1963, ingawa mazoea hayafutwi kwa kalamu. Na ndani ya Walimbu wenyewe alitokea Phalgunanda Lingden, aliyeishi kati ya 1885 na 1949, kiongozi wa dini aliyewahimiza watu wake waache pombe na kafara za wanyama. Wafuasi wake wapo hadi leo na hawaigusi tongba. Kwa hiyo msafiri ambaye dini yake au hiari yake haimruhusu kilevi asijione wa ajabu. Kukataa kwa adabu kunaeleweka, na chai ya Ilam, wilaya ya chai maarufu kuliko zote nchini humo, iko palepale.

Tena asiyekunywa ana sehemu yake kamili katika ufundi huu, kwa sababu ulezi uleule huliwa. Dhido ni ugali, bila kuzunguka maneno: unga wa ulezi, wa mahindi au wa ngano nyeusi hutiwa kwenye maji yanayochemka ndani ya sufuria ya chuma na kusongwa kwa mwiko wa mti mpaka ushikane na kuachana na sufuria. Hautiwi chumvi. Humegwa kwa vidole, huchovywa kwenye mchuzi, humezwa karibu bila kutafunwa. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa chakula cha wasio na uwezo wa kununua mchele. Leo migahawa ya Kathmandu na Pokhara huuuza kwa fahari pamoja na samli.

Kando ya dhido mara nyingi huja mchuzi wa gundruk, na hapo utaona tena mkono uleule unaojua kungoja. Majani ya haradali, figili au koliflawa huachwa yanyauke, hupondwapondwa, kisha hushindiliwa mtungini kwa nguvu mpaka maji yake yenyewe yapande na kufukuza hewa. Hakuna chumvi wala siki inayoongezwa. Baada ya wiki moja hivi, au zaidi kukiwa na baridi, majani yamechachuka. Hutolewa na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa. Gundruk iliyokauka haina uzito, haiozi, na hurudi kuwa mboga ikipata maji, moto, kitunguu na pilipili. Vilima ambavyo miezi ya baridi haina majani mabichi vilipata mboga ya mwaka mzima kwa njia hiyo.

Turudi kwenye kinywaji: jand ikikenekwa huwa raksi. Chungu cha jand huwekwa motoni, juu yake chungu chenye matundu kilichobeba bakuli la kupokea, na juu kabisa chombo cha maji baridi. Mvuke hugonga kitako cha baridi na kudondoka bakulini. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa, na idadi ya mabadiliko hayo ndiyo kipimo cha ukali: raksi ya maji matatu ni kali kuliko ya maji matano, kwa kuwa kadiri mpishi anavyoendelea, ndivyo kinachodondoka kinavyopungua nguvu. Muuzaji mkweli atakwambia ni ya maji mangapi.

Ufundi huu wote unategemea watu waliopo, na watu wanapungua. Vijana wengi wa vilima wako Qatar, Malaysia na Falme za Kiarabu, wengine wakifanya kazi bega kwa bega na Wakenya na Waganda. Kupandikiza ulezi kwa mkono kunataka mikono mingi, na mikono iliyobaki nyumbani ni ya wazee. Bia ya kiwandani hufika popote barabara inapofika, ikiwa imekwisha pozwa na haimngojeshi mtu. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka ndogo, ulezi ukiwemo, na hilo lilisaidia kuuondolea aibu. Lakini haliwezi kunusa kikapu kwa niaba ya mtu.

Kwa hiyo, ukifika Nepal, tenga jioni moja kwa ajili ya vilima vya mashariki. Mwite mwenyeji wako didi, dada mkubwa, kama wenyeji wanavyofanya. Agiza dhido na gundruk, na tongba ikiwa unakunywa. Omba uonyeshwe kidonge cha murcha, kinuse, uliza kimetoka kwa nani. Lipa bei uliyotajiwa bila kuvutana, maana mwezi mzima wa kazi umo ndani ya kopo lile. Na ukirejea kwetu, mtafute mtengenezaji wa mbege, busaa au ajon aliye karibu nawe, umwulize anajuaje kwamba kimea kimetosha na anajuaje kwamba chungu kiko tayari. Sehemu kubwa ya majibu yake haimo katika kitabu chochote, na wengi wa wanaoyajua ni wazee.